Fataki ya Tausi

Kila tarehe tano Novemba, siku ya moto na fataki kwetu Uingereza, nikitoka shule tu, kazi yangu ni kuosha viazi vya kuchoma huku Bibi yangu Winifred akikata keki ya tangawizi na kunipiga vidole kila ninaponyakua kipande. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi alikata keki akiwa kitini dirishani, maana alikuwa amevunjika nyonga akichuma matufaha.

"Miaka sabini sijakosa moto wa kijiji," alinung'unika. "Leo nitautazama kwa darubini kama jasusi!"

"Fataki ya mwisho ni yetu, Bibi. Utaiona, nakuahidi."

Kijijini kwetu kila nyumba huchangia fataki moja. Majina hutiwa katika kofia ya Bwana Sugden, fundi bomba, ambaye ndiye huwasha fataki zote. Jina likitoka, fataki ya nyumba hiyo ndiyo inayofunga sherehe. Safari ile lilitoka letu, na fataki yenyewe Bibi aliichagua kabla hajaanguka: sanduku zito lenye picha ya tausi.

Saa kumi na mbili jioni uwanja ulijaa watu. Moto ulishika vizuri, na juu yake, kama ilivyo desturi, ilikaa sanamu ya nguo kuukuu tuliyoishona sisi watoto.

"Jamani, ile si suruali yangu ya harusi?" Baba alimaka.

"Mara ya mwisho ilikuingia lini?" Mama akamuuliza. Watu walivunjika mbavu.

Tulikula viazi, tukavaa glavu, tukawasha vijiti vya cheche na kuandika majina yetu hewani. Fataki zilipasuka moja baada ya nyingine, nasi tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Hatimaye Bwana Sugden, kofia ngumu kichwani, akawasha utambi wa tausi kwa fimbo yake ndefu na kurudi mbio nyuma ya kamba.

Tukangoja. Kimya.

"Imegoma," alisema. "Hakuna kuisogelea, hata mimi mwenyewe. Kesho asubuhi tutaimwagia maji."

Nilitazama dirisha letu, ng'ambo ya uwanja. Taa ilikuwa inawaka. Bibi alikuwa pale anangoja, na mimi nilimwahidi! Machozi yalinilengalenga. Mkononi nilikuwa na kijiti kipya, bado kinatoa cheche. Nikawaza, utambi unahitaji kuguswa kidogo tu. Nikainama, nikapita chini ya kamba.

"We Nell! Una wazimu?" Deepa, rafiki yangu, alipiga ukelele.

"Rudi! Rudi sasa hivi!" Bwana Sugden alinguruma.

Nilikuwa nimepiga hatua tano hivi Deepa aliponidaka kofia ya koti na kunivuta kwa nguvu zake zote. Tulianguka matopeni, mimi kifudifudi. Papo hapo tausi ikalipuka, ardhi ikatetemeka. Pu! Pu! Pu! Kijiji kizima kikashangilia, nami nikasikia kila kitu bila kuona chochote ila tope.

Bwana Sugden alituinua. Akatushika mikono na kuturudisha nyuma ya kamba.

Nyumbani niliingia nikiwa na tope mpaka masikioni. "Bibi, uliiona?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Sikuiona."

"Kwani hukuwa dirishani?"

"Nilikuwa dirishani, na darubini ninayo. Nilikuona ukivuka kamba, Nell. Nikafumba macho." Akaiweka darubini chini. "Sikuthubutu kuyafumbua mpaka nilipomsikia mama yako mlangoni akikugombeza."

Nililia sana. Kijiji kizima kiliiona fataki yetu, isipokuwa mimi na Bibi.

"Nisamehe, Bibi. Nilitaka tu uione."

"Najua, mwanangu." Akanifuta uso kwa aproni yake. "Lakini fataki nyingine zitauzwa dukani mwakani. Macho yako haya hayauzwi popote. Iliyogoma hairudiwi, hata iwe ya nani, hata uwe umemwahidi nani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Sasa mwite Deepa aje ale keki, amestahili kipande kikubwa kuliko chako. Na ndoo ya maji ijazwe, vijiti vya cheche vimebaki viwili. Wakati huu, simameni hapa nje ya dirisha nipate kuwaona, nami sifumbi macho."

Tukasimama pale, glavu mikononi, ndoo miguuni, tukamwandikia jina lake hewani.