Cherehani Iliyotoka Mkuu

Rafiki yangu Kindness, fundi nguo wa Rau, alichoshwa na matangazo ya vitu vilivyotumika kwenye intaneti: huyu hapokei simu, yule kishauza. Mwishowe akapata cherehani huko Mkuu. Kwenye gurudumu lake palifungwa jani la sale, lile Wachagga huombea msamaha.

"Shikamoo baba. Mnamwomba nani msamaha?"

"Marahaba. Usilikate tu, mama," alisema muuzaji, macho chini.

Nyumbani akalikata, maana lilikwamisha gurudumu. Jioni umeme ukakatika. Gizani cherehani ikaanza kushona, tak, tak, tak, na hakuna aliyeikanyaga. Kindness akapapasa kitandani amnyakue mwanawe. Mguuni mwa mtoto akagusa jani la sale, bichi, limefungwa fundo.