Safi Kwanza, Chafu Mwisho

"Shangazi anaumwa jino."

"La juu au la chini?"

"La chini, na limeoza. Ling'oe leo, kabla ndege ya mizigo haijaruka."

Simu ikakatika.

Mwanamke aliyeshika ile Nokia ndogo akaitoa laini, akaivunja kwa meno, akaitema kwenye pipa la taka. Kazini walimwita Sindano. Nyumbani alikuwa dada, shemeji na mama mdogo, na hakuna hata mmoja wa nyumbani aliyejua anakula wapi. Walidhani anauza dawa za mifugo. Hawakukosea sana. Kabla idara ya ujasusi haijamchukua, Sindano alikuwa daktari wa wanyama wa maabara, mwenye shahada ya kuhenyeka, si ya kuokota.

Jino lililooza lilikuwa kima.

Walikuwa wametekwa kwenye misitu ya mbali na kuingizwa nchini kwa siri, na mate yao yalibeba kirusi. Kima mwenyewe hakimsumbui. Binadamu aking'atwa au akiparuliwa, kinapanda kwenye ubongo, na watu wanaanza kuulizana sanda iko wapi. Walanguzi walitaka kuwauza kwa wenye maabara za chanjo za nje, wakidai ni wanyama waliozaliwa na kukulia bandani, safi kama pamba. Kilichobaki ni mhuri wa kuwatakasa.

Na mhuri ulikuwapo. Mhuri wa Baraza.

Baraza lenyewe sasa! Baraza Kuu la Wataalamu wa Utunzaji wa Wanyama wa Maabara. Jina refu kama treni, na ndani hamna abiria. Lilikuwa na jengo lililonuka rangi mpya, herufi za dhahabu ukutani, na chemchemi isiyotoa maji getini. Wataalamu wake walikuwa rais mmoja na wapambe wake. Rais alijiita profesa, ila watu walimpa jina la Joho kwa sababu joho la mahafali halikumtoka mwilini, awe anakula, awe anaendesha gari. Kabla ya uprofesa alikuwa akiuza magodoro, na waliomfahamu walisema hata magodoro yalimshinda.

Huyo ndiye aliyekuwa na chuo. Kozi yake ilikuwa fupi kuliko likizo ya shule, na mwisho wa kozi mtoto anavishwa koti jeupe na kuitwa daktari msaidizi. Wazazi walipiga vigelegele. Mzazi, mtoto akikujia mbio kwamba amepata chuo, usianze kupika. Nenda kwanza ukamwone huyo mwalimu akimshika mnyama.

Mmoja wa waliopiga vigelegele alikuwa dada yake Sindano. Mwanawe wa kwanza, binti pekee, alikuwa ndani ya jengo lile. Sindano alijaribu kumwonya bila kumwambia anachokijua.

"Wewe umeshasoma," dada akamkata. "Wa wenzio wakitaka kusoma, roho inakuuma?"

Sindano akaaga. Mdomo wa jasusi una kufuli.

Sasa alikuwa akishuka kwenye gari mbele ya chemchemi kavu, mkononi kitambulisho cha mkaguzi wa serikali, usoni miwani yenye kamera, sikioni kidude kidogo cha kusikilizia na kusemea. Mwavuli mweusi ulining'inia mkononi. Jua lilikuwa likiwaka.

Hakuna aliyejiuliza. Walikuwa na akili ya kujiuliza?

"Karibu, karibu sana mheshimiwa mkaguzi!" Joho alikuja amefungua mikono kama mchungaji. "Tuanze na soda au chai?"

"Tuanze na wanyama."

"Ah, wanyama wapo tu, hawaendi popote."

Chumba cha mafunzo kilijaa vijana wenye makoti meupe. Mikono yao ilikuwa mitupu. Sindano akatazama meza, akatazama makabati.

"Glavu ziko wapi, profesa?"

"Glavu zinaua hisia za mwanafunzi," Joho akasema bila kupepesa. "Sisi ni watu wa vitendo."

Kisha, kumwonyesha mgeni hivyo vitendo, akafungua kizimba, akamshika sungura masikio na kumning'iniza hewani.

Darasa likaandika.

Sungura akining'inizwa hivyo hurusha miguu ya nyuma, na teke moja baya laweza kumvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Mwanafunzi wa chuo cha kweli hufundishwa hilo kabla hajajua choo kiko upande gani. Sindano alisogea, akapitisha kiganja chini ya makalio ya mnyama, akamchukua na kumkumbatia.

"Huyu si kikapu, profesa."

Wanafunzi wakacheka. Joho naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, hajui anayechekwa ni nani.

Mmoja tu hakucheka. Binti wa dada yake alikuwa kiti cha mbele, macho yamemtoka. Sindano akamkonyeza: nyamaza. Binti akanuna. Alinyamaza, lakini kwa ile namna ya mtoto anayesema moyoni, nyumbani tutaongea.

Kima hawakuonekana. Sindano alizungushwa chumba cha panya, cha sungura, maktaba isiyo na vitabu, na ukumbi wenye picha saba za Joho. Alinusa, akapima kila ukuta kwa macho. Hakuna. Kima hunuka, hupiga kelele. Waliowaficha hawa hawakuwa wauza magodoro. Kulikuwa na mtu anayejua kazi.

Akamwona ukumbini. Mzungumzaji wa lugha tano, mwembamba, kucha safi, mgeni aliyeletwa na walanguzi kutoka nje. Wanafunzi walimwita Daktari Mgeni. Joho alikuwa ngoma. Mpigaji ni huyu. Na kati ya wote mle ndani, ndiye pekee aliyesoma kweli.

"Sasa nitakunywa ile chai," Sindano akasema.

Wakamwekea kiti varandani. Joho akaanza hotuba kuhusu Joho. Sindano akaitikia "enhee" na "makubwa," macho yake nyuma ya miwani yakimfuata Daktari Mgeni akivuka ua kwenda kwenye mzunguko wake wa asubuhi.

Aliingia kwanza kwa panya wanaonyonyesha. Akatoka. Akaingia kwa panya wakubwa. Akatoka. Akaenda kwa sungura. Halafu mlango wa mwisho kabisa, mwisho wa ua, wenye maandishi STOO YA MALISHO.

Huko alikaa.

Alipotoka, nywele zilikuwa zimelowa na alikuwa amebadilisha shati.

Sindano akaweka kikombe chini polepole. Katika kazi ile kuna sheria moja ambayo walimu hukupigia kichwani mpaka inakuwa tabia: safi kwanza, chafu mwisho. Unaanza na wanyama wachanga wasio na kinga, unamalizia na wagonjwa, kisha unaoga ndipo unarudi kwa watu. Wapambe wa Joho walikuwa wakiingia popote kama kuku, huwezi kusoma nyayo zao. Lakini Daktari Mgeni alisomeshwa vizuri, na miguu yake ilikataa kudanganya.

Nani anaoga akitoka kuangalia magunia ya pumba?

Joho akiendelea na hotuba, akajikuna sikio, akabonyeza kidude, akanong'ona nyuma ya kiganja. "Mkuu. Wamo stoo ya malisho."

"Safi. Kaa hapohapo. Kikosi kiko njiani."

Sindano hakuwahi kujibu. Daktari Mgeni alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, akiita kwa kidole. Binti wa dada yake akatoka mbio, koti likipepea, uso ukiwaka kwa fahari ya kuchaguliwa. Wakaelekea stoo.

"Anakwenda kuchukua damu kwa ajili ya vipimo vya safari," Joho akasema kwa majivuno. "Yule ndiye hodari wetu. Hana woga kabisa."

Hana woga kwa sababu hakuna aliyemwambia cha kuogopa. Ikitokea akang'atwa, watasema mtoto alikuwa mzembe, na dada atapokea jeneza na cheti siku moja.

Joho alipogeuka kuita sukari, akanong'ona tena: "Mkuu, wanampeleka mwanafunzi ndani. Mikono mitupu."

"Kikosi hakiko mbali. Subiri. Ni amri."

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Sindano, usi..."

Akakitoa kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye chai ya Joho. "Naomba kwenda msalani," akasema, akachukua mwavuli.

Mlango wa stoo ulilindwa na baunsa mwenye shingo nene kuliko kichwa. Sindano akajifanya amejikwaa, ncha ya mwavuli, yenye sindano ndogo, ikamgusa pajani.

"Aah!"

"Pole kaka, nyuki hao. Maua haya yanawaita."

Maua yenyewe hayakuwapo, lakini baunsa hakuajiriwa kwa kufikiri. Tatizo ni kwamba dawa ya usingizi haishiki papo hapo kama wanavyoonyesha kwenye sinema. Inataka muda wake. Na binti alikuwa ndani.

"Una watoto, kaka?" Sindano akauliza.

"Watatu... hapa hairuhusiwi kusimama, mama."

"Wa kwanza yuko darasa la ngapi?"

"La... la..." Baunsa akakunja uso. Akaegemea mlango. Akateremka taratibu kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba, akakaa chini, akakoroma. Sindano akamgeuza ubavu asipaliwe, akachomoa funguo.

Milango miwili, mmoja baada ya mwingine. Kisha harufu ikamgonga usoni.

Chumba kilikuwa na vizimba vya chuma mpaka darini. Kima walikaa kimya, macho ya manjano. Upande wa kulia kulikuwa na chumba kidogo cha kioo, na ndani yake Daktari Mgeni, amevaa suti ya plastiki kuanzia unyayo mpaka utosi, barakoa, glavu mbili mbili, kidole juu ya swichi, akiongea kwa kipaza sauti: "Mshike mkono umvute. Usiogope, amezoea watu."

Na binti wa dada alikuwa amenyoosha vidole vitupu kuelekea kizimbani.

"Mwanangu. Rudisha mkono."

Binti akageuka. "Mama mdogo? Unafanya nini hapa? Unaniaibisha!"

"Rudisha mkono, nimesema!"

Sauti ile ilikuwa ya ukoo, ya bibi yao, haijadiliwi. Mkono ukarudi. Meno ya kima yakagongana patupu pale vidole vilipokuwa.

Binti akaachama.

Nyuma yao mlango ukajifunga kwa kishindo. "Mkaguzi," kipaza sauti kikakoroma. "Swichi hii nyingine inafungua vizimba vyote. Tupa unachobeba. Utakaa na jamaa zako hawa mpaka ndege yangu iruke."

"Mama mdogo..."

"Simama nyuma yangu. Usiwatazame machoni. Usitabasamu."

"Nani anatabasamu?"

Sindano akachomoa bastola yake ya Glock. Hakuielekeza kwa mtu. Aliielekeza kwenye kona ya kioo, chini, mbali na suti ya plastiki.

Daktari Mgeni akacheka. "Kioo hiki hakipitishi risasi."

"Nani alikinunua?"

Kicheko kikapungua.

"Nauliza tu, daktari. Nani alikwenda dukani? Si Joho? Joho huyu huyu anayeshika sungura masikio?" Sindano akasogea hatua. "Mimi sijui kima hawa wana nini. Pengine hawana kitu. Wewe ndiye uliyesoma. Fungua vizimba, nami nitoboe kioo, tuone nani kati yetu anaogopa zaidi."

Watu wasiojua hawaogopi. Joho angebonyeza swichi na kufa akihutubia. Lakini Daktari Mgeni alishawahi kumwona mtu akifa kwa kirusi kile. Akatazama kioo. Akatazama pembe yake, pale gundi ilipoanza kubanduka.

Akatoa mkono kwenye swichi.

"Mlango," Sindano akasema.

Mlango ukafunguka.

Nje, breki za Land Cruiser zilikuwa zikilia. Kikosi kiliingia na Daktari Mgeni akatoka mwenyewe, mikono juu, akiomba jambo moja tu: aoge. Joho alikamatwa akipanda gari lake, nusu ya joho imebanwa mlangoni, akipiga kelele kwamba rais wa Baraza hapigwi pingu. Askari alimpiga pingu huku akipiga mwayo. Nyuma yao ikaja gari la chama cha kweli cha madaktari wa wanyama, watu wachache wasio na herufi za dhahabu. Walivaa suti, glavu na barakoa kabla ya kushusha mguu, kisha wakaingia kwa kima bila papara. Kima hawakuwa na kosa.

Sindano alimvua binti lile koti jeupe na kulitia kwenye mfuko wa kuchomwa. Akamsimamisha kwenye bomba, akamsugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akikagua kila kidole kama mama anayetafuta mwiba.

"Hakuniparua," binti akasema.

"Nyoosha hicho."

"Mama mdogo, hakuniparua." Machozi yakaanza. "Nilimwambia mama Jumamosi navaa joho. Ameshawaambia majirani wote."

"Mama yako nitamwendea mimi. Sabuni tena."

Alipomaliza akamfunga mikono kwa taulo safi, akamkabidhi kwa daktari wa kikosi apimwe damu. Kisha akanawa mikono yake mwenyewe. Akachukua mwavuli.

Getini wanafunzi walikuwa wamejazana karibu na chemchemi kavu, kila mmoja na simu hewani. Mmoja akamkimbilia.

"Samahani mama, wewe si ndiye mkaguzi? Vipi, tumefaulu?"

Sindano akafungua mwavuli, jua lilikuwa kali.

"Mmefaulu kutoka wazima," akasema, akapita katikati yao bila kugeuka.