Nilimwazima Shoga Yangu Vazi la Bibi

Nina miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, sasa mkaazi wa Toronto. Ni fundi wa cherehani, nashonea nyumbani. Nina binti mmoja, Amina. Na nimeachika. Nasema mapema msije mkasoma huku mkingoja mume wangu atubu mwishoni... Hatatubu!

Mwaka huo ninaousimulia, mie na Baba Amina tulikuwa tukikaa Mount Dennis, ghorofa ya tisa. Yeye alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya mchana, inayoanza saa tisa. Hatukuwa matajiri, lakini tulikuwa tukicheka. Mume wangu alikuwa mtu wa mzaha, wallahi, hata lifti ikikwama alikuwa akinichekesha humo ndani.

Katika vitu nilivyotoka navyo nyumbani, kimoja nilikilinda kuliko paspoti. Ni vazi la lelemama la marehemu bibi yangu, mama yake baba.

Kwa wasioijua, lelemama ni ngoma ya wanawake peke yao. Husimama safu, wakapiga pembe za nyati kwa vijiti, mikono ikienda taratibu kwa maringo. Bibi aliicheza ujana wake, enzi hizo gari likipita mtaani watu wanatoka kulitazama. Siku za kawaida alikuwa mtu wa leso mbili na buibui lake, basi. Lakini siku ya ngoma! Kizibao cha mahameli nyekundu kilichotiwa zari, kanzu fupi ya hariri, suruali ya marinda iliyojaa mikunjo mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ukaya mwembamba kichwani.

Vyama vilikuwa vikishindana kwa mavazi. Hawa wakitoka na mahameli, wale kesho wanatoka na makoti ya kizungu, tai na miavuli! Bibi alikuwa akinisimulia huku akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Akanifundisha na jambo jingine. Lelemama haikuwa kucheza tu. Ukimfanyia mwenzako ubaya, ulikuwa unatungiwa wimbo, nao unaimbwa mbele yako nawe umo safuni. Kutoka huwezi. Ukitoka, umekiri.

Vazi lile lilikaa sandukuni likinukia udi wa nyumba yetu. Na huo nao si udi wa dukani! Ni udi wa kupika, mapishi ya bibi, na aliyebaki akiyajua ni shangazi yangu peke yake. Alikuwa akinitumia kwa mkebe wa maziwa ya unga. Hapa kengele ya moshi ilikuwa ikilia kila nikiwasha chetezo, msimamizi wa jengo anapanda juu na uso wake wa siki, lakini sikuacha. Kila Idi nilikuwa nikilifukiza vazi la bibi, na nguo zetu, na nyumba nzima. Harufu ile Toronto yote ilikuwa kwangu tu.

Sasa mjue na Zuhura. Zuhura alikuwa shoga yangu. Tulijuana hapa hapa, kwenye foleni ya basi, nikamsikia anamlaani dereva kwa Kimvita safi, nikajua huyu ni wetu. Ameachika, hana mtoto, mrembo, mcheshi. Amina alikuwa akimwita Khalati, yaani mama mdogo. Ufunguo wa nyumba yangu alikuwa nao! Ningempa nini zaidi?

Wanawake wa pwani tukapatana kwamba Januari, kabla ya Ramadhani, tufanye vunja jungu ya kukata na shoka. Tukodishe ukumbi, tucheze lelemama, tuvae kama bibi zetu. Mie nikapewa kazi ya kushona mavazi kumi na mawili kwa kulifuata lile la bibi, na kuanzisha nyimbo, maana nyimbo ninazijua. Zuhura akachaguliwa kuongoza safu.

Mwezi wa kumi akanijia. Akaniomba vazi lenyewe, lile la asili, akalizoee nyumbani kwake. Alisema, "Marinda haya yatanitega mbele za watu, shoga. Wacha niyazoee."

Moyo ulisita... Lakini kwetu nguo ya sherehe haikataliwi. Dhahabu huazimana, leso huazimana, na ukishatoa ni aibu kuuliza itarudi lini. Mwenye kuuliza ndiye anayeonekana mbaya. Vipimo vya kushonea nilikuwa nimeshavichukua, basi nikampa, vazi zima, na ukaya juu yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, walisema wazee... Hawakusema mwenye kuazimwa naye hubaki vipi!

Haukupita mwezi, mume wangu akabadilika. Kazi za ziada zikaanza, anaondoka mapema, anachelewa kurudi. Ndevu anazichonga kila siku. Mizaha ikaisha, akawa anatabasamu peke yake akitazama dirishani. Zipu ya koti lake la zamani ilipokufa, akanunua jipya, jeusi, refu mpaka magotini. Mtu aliyekuwa akivaa fulana zilizotoboka!

Dada zangu, mwanamke hahitaji kuambiwa. Nilianza kumchunguza. Nilitazama viatu vyake, nilihesabu vitambaa vyake vya mkono, nilimwamkia nikimwangalia macho. Na kila akirudi, akiingia kuoga, mie mbio kwenye koti lile jipya. Nalinusa kola, nalinusa mikono, nalinusa bitana. Natafuta manukato ya kike.

Na kila siku nilikuwa nikikuta nini? Udi wangu! Ule ule wa bibi. Nikawa najicheka. Mtu ananukia nyumbani kwake, mie nashuku nini?

Haya yote nilikuwa nikimweleza nani? Zuhura. Siku nilipomwambia nanusa koti, alicheka akashika ubavu. Akaniambia, "Mume ananukia udi wa mkewe, nawe walia? Shukuru Mungu!" Kisha akaacha kucheka. Akanishauri kwa sauti ya chini nimtazame vizuri yule Mkongomani wa ghorofa ya saba, kwani si ndiye anayepewa lifti kwenda kiwandani?

Yule wa ghorofa ya saba ni Mama Neema, mtu wa Bukavu, mlokole. Alikuwa akifanya kazi kiwanda kimoja na mume wangu. Mie na roho yangu ya moto nikameza chambo kizima kizima. Wiki mbili nikawa simjibu salamu. Kisha nikamkabili kwenye chumba cha kufulia, mbele ya mashine zinazozunguka, nikamuuliza anamtafuta nini mume wangu ndani ya gari langu.

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akasema, "Mama Amina, mi niko na bwana yangu. Bwana yako alishaachaka kunibeba tangu mwezi wa kumi. Anatokaka saa tano, mi nabakia kungoja bisi na baridi yote hii. Na kazi ya ziada iko wapi? Ku kiwanda wamepunguza masaa!"

Nilitaka kumwita mwongo. Mwezi wa kumi?

Nilipanda nyumbani nguo zikiwa mbichi kwenye kapu. Koti lilikuwa limening'inia mlangoni, siku hiyo alikuwa na mapumziko na amelala. Nikalinusa tena. Udi. Safari hii sikupata faraja, nikataka nione moshi wangu mwenyewe. Nikaenda jikoni kuuteremsha mkebe niwashe chetezo.

Mkebe ulikuwa mtupu.

Jamani... nilikuwa nimesahau, ulikuwa mtupu tangu Idi ya kuchinja! Shangazi aliugua, hakutuma mwingine. Tangu wakati ule sijafukiza hata uzi. Na koti lilinunuliwa juzi, Novemba! Koti ambalo halijaonja moshi wangu hata siku moja, limeupata wapi udi wangu?

Nilienda nikafungua sanduku. Kwenye nafasi ya vazi la bibi kulikuwa na karatasi za kukunjia tu. Nikakaa chini pale pale, mfuniko mkononi. Kitu kimoja tu nje ya nyumba hii kilikuwa na harufu ile, na nilikitoa mie mwenyewe kwa mikono yangu, kwa tabasamu, nikamfungia na kwenye mfuko kisichafuke!

Bado nafsi ikanidanganya. Labda amemsindikiza tu. Labda alimbebea mzigo. Kesho yake mume wangu akaaga saa tano, kazi ya ziada. Nikapanda basi mpaka kwa Zuhura. Theluji ilikuwa imeanguka saa sita, ikaacha. Maegesho ya jengo lake yalikuwa yamejaa, nami nikaliona gari letu la buluu. Juu ya boneti theluji ilikuwa imelala laini, haikuguswa. Gari lililotoka njiani sasa hivi haliwi hivyo. Lilikuwepo hapo kabla haijaanguka, na mwenyewe hana haraka.

Sikupanda. Mnajua ni kwa nini? Niliogopa kuliona vazi la bibi mwilini mwake, na mume wangu akilitazama. Nililia ndani ya basi mpaka mzee mmoja Mjamaika akanipisha kiti.

Siku kumi zilizobaki kabla ya ngoma nilishona tu. Zuhura alikuja kupimwa, nikampima. Alinikumbatia, nikamkumbatia. Harufu ya bibi ilitoka shingoni mwake! Nilishika pini mdomoni nisiseme.

Siku ya vunja jungu ukumbi ulijaa. Wanawake kumi na wawili walitoka safu moja, mahameli kwa mahameli, marinda yanatikisika, watu wakapiga vigelegele. Zuhura mbele, ndani ya vazi la asili, lile nililomshonea kaliacha. Alipendeza, siwezi kumnyima. Nikaimba nyimbo mbili za bibi. Wa tatu nikaimba wangu:

Nguo yangu ya sanduku, ulokuja niazima,
Si nguo ya kila siku, ni ya bibi mtu mwema,
Harufu haina chuku, imefichua ya nyuma,
Nguo irudi sanduku, mume nakupa salama.

Wenzangu, kwa mazoea, wakaitikia mstari wa mwisho kabla hawajaufikiria. "Mume nakupa salama!" Sauti kumi na moja! Kisha mmoja akanyamaza, akamtazama Zuhura, na mwingine, na mwingine... Milio ya pembe ikakatika mmoja mmoja.

Mie sikukatika. Nikarudia wimbo wote, namkazia macho. Kijiti kikamwanguka. Angesimama pale akacheza, ningeshindwa mie, ningeonekana mwehu mwenye wivu. Lakini aligeuka akakimbilia pazia, na marinda yakamtega. Alianguka kwa magoti. Hakuna aliyemwinua, na hakuna aliyecheka.

Mume wangu alirudi nyumbani jioni ile ameshapata habari. Neno lake la kwanza halikuwa samahani. Alisema, "Umeniaibisha kwa nini?" Miaka kumi na mitano ya ndoa, ndilo alilokuwa nalo! Nikamwonyesha mlango, koti lake nilikuwa nimeshalitoa nje. Talaka aliitoa kwa simu. Nasikia wanakaa pamoja Markham. Sitaki kujua habari zao... Naongopa. Nataka, kila siku.

Wako walionilaumu kwamba nimemvua mwenzangu nguo mbele za watu. Nawajibu, nguo alizovaa zilikuwa zangu. Aliyekuja kukaa nami siku zile za mwanzo, akampikia Amina sombe, kisamvu cha kwao, akaomba Mungu kwa dini yake kando ya kitanda changu, ni Mama Neema. Yule yule! Nilimwomba radhi, akasema yamepita.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi. Azima sufuria, azima sahani, azima hata cherehani. Vazi lililokaa na mwili wa bibi yako usilitoe kwa kuona haya, na ukilitoa, liulizie. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Na ukimshuku mumeo, usimpelekee shuku zako mtu mmoja tu, ukamfanya kadhi wa nyumba yako. Zuhura alikuwa akinituliza ili apate nafasi!

Vazi lilirudi. Nililikuta kwenye kitasa cha mlango ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani. Nililianika roshani baridi yote ile, mpaka marinda yakakauka kama mbao, harufu ya udi isitoke. Bado imo.

Shangazi alipopona akatuma mkebe mpya. Uko juu ya kabati, sijaufungua. Juzi Amina aliniuliza, kwa Kiingereza chake, mbona nyumba za mama wengine zinanukia na yetu hainukii. Nilimwambia akamalize kazi yake ya shule. Lakini nyie nitawaambia. Anayeingia kwangu sasa nataka aje na harufu ya kule alikotoka, niijue.