Betri za Kijani, Betri za Njano

Mwanaume gani anasimama kwenye kaunta ya duka la vifaa, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa hadi mlangoni, halafu anasoma maelezo ya boksi neno kwa neno? Huyu hapa. Fundi milango, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola, mashine ya kufungia skrubu ya kijani mkono huu, ya njano mkono ule.

"Kaka, unanunua au unasali?" aliuliza mwanamke nyuma yake. Alikuwa fundi samani: ovaroli la bluu, kilemba chekundu, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Nalinganisha, dada. Hii ya njano ina nguvu zaidi, ila hii nyingine nyepesi."

"Wewe unafunga bawaba au unajenga daraja? Chukua nyepesi, mkono usikufe. Kwanza nyumbani una betri gani?"

"Za kijani."

"Sasa ya njano umeishikia nini? Betri za kampuni hii haziingii kwenye mashine za ile! Chukua ya kijani, utupishe!"

Akachukua. Akachukua na namba ya simu ya yule dada, maana hakuwa mzembe kiasi hicho.

Mapenzi yakakolea. "Umekula, mpenzi?" anauliza jioni kwenye simu. "Nimekula vumbi. Njoo," anajibiwa, naye anakuja mbio. Mpole, mcheshi, hodari wa kubembeleza. Lakini umuulize jambo la maana!

Fundi samani alikuwa amepata karakana kubwa inayotazama barabara, na chumba cha kuishi juu yake. "Tuhamie wote," alimwambia. "Tuoane, tufanye kazi pamoja."

"Nitafikiria, mama."

Akafikiria. Mwenye jengo akachoka kusubiri, akasema jibu apewe Ijumaa, la sivyo anampa mtu mwingine. Shangazi wa fundi samani naye akauliza, "Huyo anafikiria au ameganda?"

Alhamisi jamaa akaja na boksi, anatabasamu hadi masikioni. Mashine ya kufungia skrubu ya fundi samani ilikuwa imeungua, ndiyo maana kamletea mpya. Ya kijani.

"Wewe!" Mwanamke alirusha msasa mezani. "Msumeno wangu wa njano, drili ya njano, betri rafu nzima za njano! Kila siku unaingia humu, hujaziona?"

"Nimeziona, ila..."

"Ila nini? Nakuomba jibu, unaniletea mashine isiyoingia betri yangu hata moja! Toka!"

Akatoka. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka Ijumaa asubuhi ikapokelewa.

"Sema haraka, nina kazi."

"Niliichagua ya kijani makusudi," alisema. "Ili itumie betri zangu. Nikajua utaelewa."

"Nielewe nini?"

"Kwamba nazileta kwako. Betri, chaja, na mimi mwenyewe."

Fundi samani alikaa kwenye benchi. "Yaani ulikuwa unanichumbia? Kwa mashine?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu, nipe subira! Boksi lina mdomo? Sikia. Karakana nimeshaichukua, nahama leo, uwepo usiwepo. Nimelia usiku kucha kwa ajili yako na sirudii. Kama una neno, njoo uliseme."

Jamaa alimkuta anahangaika peke yake na kabati mlangoni, wapakiaji wamesimama barabarani wanatazama. Safari hii shati halikupigwa pasi, vifungo vimepishana.

"Nakupenda," alisema, anahema. "Niliogopa kukosea, nikawa nachelewa tu. Naomba nikuoe."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao."

Machozi yakamtoka mwanamke, akayafuta kwa mkono wenye gundi, akazidi kukasirika.

"Ndiyo," alisema. "Nimekubali. Lakini bado nimekukasirikia, usije ukadhani yameisha. Shika upande ule wa kabati, tuhame."