Fungu la Watu wa Nyumbani

Posta ya Cincinnati ilijaa watu mpaka mlangoni, na makoti ya sufu yaliyoloa mvua yalinuka kama zizi. Keturah Lindley, mshona kofia, alifika dirishani na barua za mchumba wake, zilizofungwa kwa utepe wa bluu. Uchumba ukivunjika, barua hurudishwa. Na meli ya Louisville, ambako angehamia kwa dada yake, ilikuwa inaondoka adhuhuri.

"Zipelekwe kwa wakili Josiah Pruett."

"Pruett yuko hapa," sauti ilisema nyuma yake.

Keturah akageuka. Josiah alisimama pale, tai imekwenda upande, vidole vina wino.

"Unaniacha, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi mbele za watu! Jana nilikuja ofisini, hukuwepo. Nikaona barua yangu umeikunja kama hati ya mahakama, mgongoni mwa karatasi umeandika: 'Keturah. Anauliza harusi lini. Haijajibiwa.' Mimi ni kesi, Josiah? Nimekuja kudai nguruwe kama wateja wako?"

Foleni ikacheka. Josiah hakucheka.

"Ilifungwa pamoja na nini?"

Keturah alikuwa ameona, ila hasira haikumpa nafasi ya kufikiri. "Barua za marehemu mama yako. Na wosia wa baba yako."

"Basi. Kesi zinakaa kabatini. Fungu lile ni la watu wa nyumbani, na barua za wote naziandika mgongoni vile vile, hata za mama. Mkono umezoea."

"Mbona hukujibu, mwezi mzima?"

"Nimechana majibu mpaka kapu limejaa. Kila nikiandika, inatoka kama hati ya mashtaka."

"Si useme kwa mdomo, baba!" alifoka mama mmoja mwenye kapu la mayai. "Wengine tuna barua za kuchukua!"

Keturah alikaza uso. "Nirudishie zangu."

"Kisheria, karatasi ni ya aliyepokea, maneno ni ya aliyeandika. Hakuna hakimu awezaye kuvitenganisha." Akanyoosha tai. "Kwa hiyo tuviweke nyumba moja. Kubali nikuoe, Keturah. Jumamosi hii."

Kengele ya meli ililia mtoni.

"Bibi," karani aliuliza, "zinakwenda au haziendi?"

Keturah alizivuta, akaomba kalamu. Akaikunja barua ya juu mara tatu, akaandika mgongoni taratibu, kisha akamsukumia Josiah kifuani.

Josiah akasoma: "Josiah. Anauliza kama nitaolewa Jumamosi. Imejibiwa."

"Imejibiwa nini?"

"Wakili mzima, hujui kusoma uso?" Akamshika mkono wenye wino. Meli ikaondoka bila yeye.