Kompyuta ya Robi Yaenda Joshoni

Robi hakuwa na meza ya kusomea. Hakuwa na simu, wala chumba chake mwenyewe, wala mtu nyumbani wa kumuuliza mambo ya mitambo. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimeanza kazi kwenye miguu ya binamu yake. Kamusi yake ya Kiingereza haikuwa na jalada, na kurasa zote za herufi A zilikuwa zimeliwa na panya. Baba yake alivua samaki visiwani, na alirudi nyumbani pale ziwa lilipomruhusu.

Lakini kompyuta walikuwa nayo. Mjomba aliwaachia alipohama Musoma, mashine kuukuu, betri yake imekufa, haiwaki mpaka ichomekwe ukutani. Robi aliiweka juu ya kreti la soda, akakaa mkekani, akajifundisha kuchapa. Alianza kwa vidole viwili, akapanda hadi vinne, na kabla hajamaliza darasa la sita vidole vyake vyote vilikuwa vinacheza.

Kila jioni, akishateka maji na kuosha vyombo, alimchapia mama yake kazi za kikundi. Mama huyo, Susana, aliishi na bintiye mtaa wa Nyakato, mjini Musoma, lakini alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa Bukima wanaoanika dagaa ufukweni. Mwenyekiti wao alikuwa Bibi Debora, mwenye sauti ya kumwamsha mvuvi aliye katikati ya ziwa.

Mwaka ule mvua ziliwatesa. Dagaa waliloa mchangani, wakaoza, wakaishia kuliwa na bata. Ndipo walipopata habari kwamba kituo kimoja cha mafunzo huko Kabasa, Bunda, kitachagua vikundi vichache, kivifundishe kutengeneza makaushio ya jua na kuvipa vifaa vya kuanzia. Barua ya maombi ilitakiwa iwe ya karatasi, yenye sahihi za wanachama wote, na ifike kabla ya Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi.

Kasheshe ilianza siku Robi alipounganisha kompyuta na simu ya mama ili asome tangazo hilo.

"Jamani, bando langu!" mama alilalamika. "Nimeliweka leo asubuhi, sasa naambiwa limekwisha. Robi, umeangalia filamu?"

"Hapana mama. Nimesoma tangazo tu."

Gody, binamu yake wa kidato cha pili, alikuwa mlangoni akitafuna muhogo. Akacheka.

"Apdeti hizo, shangazi. Masasisho. Kompyuta ikionja mtandao inadhani iko kwa tajiri. Inavuta mpaka bando linakauka. Ya kwetu nilizizimaga zote, imetulia kama maji ya mtungini."

"Humu ndani hakizimwi kitu bila mimi kuambiwa," mama alisema. "Umesikia, Robi?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia, lakini kesho yake mama alipokuwa sokoni, Gody alikuja, akabonyeza hapa na pale, akayazima masasisho yote.

"Tumwambie mama?" Robi aliuliza.

"Ya nini? Jino likishang'oka, nani anauliza koleo?"

Bando likaacha kuyeyuka. Mama akafurahi. "Siku hizi kompyuta imepata adabu," alisema. Robi akainamisha macho, kwa maana sifa isiyo yako huwasha kama upupu.

Wiki zikapita. Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Robi alitoka shule akaenda moja kwa moja kwenye duka la kuchapisha karatasi, flashi ikiwa mfukoni. Ilikuwa na barua ya maombi, tayari kabisa. Ilikuwa pia na nyimbo za Gody, aliyeiazima siku mbili akaizungusha kwa rafiki zake wote.

Jilala, kijana wa dukani, aliichomeka kwenye kompyuta yake. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Weee! Unataka kuniua?" Akaichomoa kama anayetoa mkono motoni. "Flashi yako imejaa virusi, mdogo wangu. Hata nyumbani usiifungue, kama kompyuta yako haipati masasisho. Hayo ndiyo yanayomnoa mlinzi wa kuzuia virusi."

Nyumbani alikuwa ameshaifungua mara nyingi. Alikimbia, akawasha mashine, akaitafuta barua. Jina la faili lilikuwepo, lakini ndani yake hapakuwa na neno hata moja linalosomeka.

Gody alipofika alishika kichwa. Kisha akanong'ona, "Sema umeme ulikatika. Nani atabisha? Mtaa mzima utakuunga mkono."

Uani, Bibi Debora alikuwa ameshafika kutoka Bukima na karatasi ya sahihi, wengine dole gumba, imezungushiwa khanga isilowe. Alikuwa akimweleza mama Robi jinsi mvua ya jana ilivyowafagia dagaa wa wajane wawili. Robi alimsikia. Uongo ulikuwa mwepesi, uko mdomoni tayari, unasubiri kutemwa. Akaumeza.

"Mama. Bibi, shikamoo. Barua imeharibika." Akaendelea, "Si umeme. Tuliyazima masasisho bila kukuambia, mama, na ulikuwa umenikataza. Kisha nikaingiza flashi iliyozunguka mitaani. Virusi vimekula barua."

Bibi Debora akaifungua khanga, akaitazama karatasi ya sahihi, akaifunga tena.

"Wanawake wameniamini mimi," alisema polepole, "na mimi nimekuamini wewe."

Machozi yakamtoka Robi.

"Lakini umesema mwenyewe," Bibi akaendelea. " Wengine wangeniimbia wimbo wa umeme." Nyuma ya mlango, Gody akakohoa. "Sasa machozi yaweke, utayalia kesho. Hii mashine inatibika?"

Mama Robi, aliyekuwa amekasirika kweli kweli, alivuta pumzi. Yeye alikulia Butiama, kwenye boma la ng'ombe.

"Kwetu tulikuwa na jirani," alisema, "aliyelichukia josho, lile birika la dawa ya kupe. Akipeleka ng'ombe kuogeshwa, siku nzima inapotea, na ndama wanagoma kutembea. Akaacha kabisa. Tulimcheka yeye akatucheka sisi, mpaka kupe walipoingia na ugonjwa wao wa ndigana ukasafisha zizi lake. Marehemu baba hakuwa mjinga wa kupeleka ng'ombe joshoni asubuhi ya mnada. Alichagua siku yake. Lakini alipeleka."

Robi akafuta macho. "Kumbe masasisho ningeyachagulia siku," alisema.

Akaketi mkekani, kamusi pajani, akafungua mipangilio ya kompyuta. Safari hii hakubonyeza kitu asichokielewa. Kila neno alilitafuta kwanza, akalisoma, akalirudia, na nakwambia, ilipendeza kumwona mtoto yule akilima Kiingereza tuta kwa tuta. Aliyawasha masasisho. Akakuta mahali pa kuiambia kompyuta kwamba mtandao wa simu ni wa kulipiwa kwa kipimo, isiunywe ovyo. Akakuta pa kuyaahirisha masasisho makubwa. Kisha akakwama kwenye neno lililoanza na herufi A, herufi ya panya.

"Kaka Gody!" aliita.

Gody akaja kichwa chini, akasoma. "Hilo nalijua. Ni saa za kazi. Ukizipanga, haitajizima na kujiwasha katikati ya saa hizo."

"Basi weka jioni yote," Robi alisema.

Mama akanunua bando dogo. Robi akaruhusu sasisho moja tu, lile la mlinzi wa kuzuia virusi, akamwamuru mlinzi huyo apekue mashine na flashi. Aliwakuta wadudu wote mafichoni, akawafuta, na nyimbo za Gody zikaondoka nao. Gody hakudai hata moja.

Ikabaki barua. Bibi Debora akasimama katikati ya sebule, akafumba macho, akaisema yote kutoka kichwani: matatizo ya mvua, urefu wa ufukwe, majina ya wanawake mmoja mmoja na watoto wao.

"Bibi, watoto hawaandikwi," mama alisema.

"Basi niache nipumue," alijibu, akaendelea. Robi alichapa bila kumkatisha. Katikati ya kazi kompyuta ikatoa ujumbe kwamba inataka kujizima na kuwaka upya. Zamani angeshtuka. Sasa aliusoma, akachagua Jumamosi, siku ambayo bando la usiku ni rahisi na hakuna mwenye kazi nayo.

Ijumaa asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu, alirudi kwa Jilala pamoja na mama yake na Bibi Debora, aliyelala kwao. Kijana yule aliishika flashi kwa ncha za vidole, akaichomeka huku amekunja uso. Kioo kikatulia.

"Safi! Nani kaisafisha?"

"Huyu unayemwona," Bibi Debora alisema, na duka zima likasikia.

Barua ilipochapishwa, waliongozana hadi stendi. Mbele ya dirisha la mizigo, mama alimgeukia bintiye.

"Robi, kitu kinachokusumbua usikizime tu kwa sababu kinasumbua. Kijue kwanza, kisha kipangie wakati wake. Na ukikosea, sema mapema, maana kosa lililosemwa mapema bado lina dawa. Jana ungetaja umeme, leo tungekuwa tunalia Bukima nzima."

"Nimeelewa, mama."

"Na wewe Bibi, mbona umeikumbatia bahasha?"

Bibi Debora alikuwa ameziweka ndani barua na karatasi ya sahihi. Akampa Robi bahasha na kichupa cha gundi.

"Funga wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeifungua shida, na wewe ndiye uliyeimaliza."

Robi alipaka gundi ukingo wote, akakunja, akabana kwa viganja viwili mpaka ikashika. Akainyoosha dirishani. Karani akaigonga muhuri, akampa kondakta, na basi la Bunda likaondoka nayo.