Aliyevunja Mashine ya Makaa

Jumanne asubuhi mashine ya makaa ilikutwa imevunjwa katika karakana ya Lokiru, Kakuma, na kabla jua halijawaka sawasawa mama mmoja alikuwa ameshafungiwa katika seli ya polisi.

Koplo Namuria, mpelelezi aliyetumwa kutoka Lodwar, alifika saa tano akiwa na vumbi kooni. Hakupenda kesi ambayo mtu amefungwa kabla ya kuulizwa.

"Ejok, madam," Lokiru alimsalimu mlangoni. Yeye pia alikuwa mtu wa Lodwar, ametoka huko alfajiri baada ya kupigiwa simu. "Ni Atabo, kiongozi wa akina mama wanaofinyanga makaa kwa mikono. Wiki jana alisema mbele ya watu kwamba hii mashine itawaua kwa njaa, heri ivunjwe. Na jana jioni jirani alimwona akitoka humu."

"Kufuli?"

"Ni zima. Funguo ziko tatu: wangu, wa Atabo, na wa Hilaire, fundi aliyeitengeneza hiyo mashine."

Namuria aliingia. Humo ndimo makaa ya mti wa mathenge yalimosagwa, yakachanganywa na uji wa muhogo, kisha yakafinyangwa madonge ya kupikia. Kazi ilikuwa ya polepole, na Lokiru alikuwa ametaka mawazo ya kuiharakisha. Hilaire, Mkongo wa kambi ya wakimbizi, akaunda mashine kwa vyuma chakavu na injini ya pikipiki.

Sasa mdomo wa kubania makaa ulikuwa umepondwa kwa nyundo. Lakini injini haikuguswa. Ilikuwa imefunguliwa, ikawekwa kando ya ukuta na kufunikwa gunia. Bolti zake zilikuwa ndani ya kifuniko cha kopo, zimelowekwa mafuta ya taa zisishike kutu.

Namuria alichuchumaa pale muda mrefu.

Alianza na Nangiro, muuza makaa wa kando ya barabara, aliyewahi kuapa kwamba mashine ile itamharibia soko. Nangiro alikuwa amekesha hospitalini na mkewe mgonjwa. Muuguzi alithibitisha.

Kituoni, Atabo alikuwa ameketi sakafuni, viganja vyeusi kwa makaa.

"Jana jioni uliingia karakana?"

"Niliingia."

"Kufanya nini?"

Mama yule aligeuza uso ukutani. "Sikuvunja kitu. Hiyo ingine siwezi kusema."

"Mama, ukinyamaza hivi utalala humu tena."

"Basi nitalala."

Namuria alirudi karakana na moyo mzito. Alimkuta Hilaire ameinama juu ya vyuma vyake kama mfiwa.

"Pole, fundi. Hii bolti inafunguliwa na nini?"

"Spana, afande. Namba kumi na nne."

"Atabo angeipata wapi?"

"Haiwezekani. Spana zangu ziko ndani ya sanduku, ninafunga. Hakuna mutu mwingine anazishika."

"Sanduku limevunjwa?"

"Hapana."

Namuria aliona jasho likimchuruzika fundi shingoni, paliponing'inia ufunguo wa sanduku. Alimtuma askari akamlete Atabo, akamwita na Lokiru, akafunga mlango.

"Adui hafungui injini kabla ya kuvunja," alisema. "Hafuniki kitu kisiingie vumbi. Aliyefanya haya aliipenda mashine, na alikuwa na spana. Hilaire, kwa nini?"

Fundi alimtazama Lokiru, si yeye.

"Boss alisema hakuna mama atapoteza kazi. Ndiyo nikatengeneza. Jumatatu ananipigia simu: mashine ikianza, wote wanaenda, wanabaki wawili. Ningekataa, angetafuta fundi mwingine aiendeshe. Na hawa bamama ndio walinipa chakula wakati posho ya kambi ilipunguzwa."

"Ni biashara yangu!" Lokiru alifoka.

"Na Atabo alipokamatwa?" Namuria aliuliza. "Mbona ulinyamaza?"

Hilaire alitazama sakafu. "Mimi niko mkimbizi, afande. Kesi ikiniingia, safari ya watoto wangu ya kwenda ng'ambo inakufa. Nikafikiri watamwachilia tu, hakuna ushahidi."

Atabo alimkazia macho. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Unajua nilikuja hapa jana kufanya nini? Kujifunza kuiwasha. Ile siku nilipiga kelele, nilikuwa na uchungu. Halafu tukakaa, sisi wamama, tukasema kama mashine inatoa makaa mengi, tuiendeshe sisi, wengine wapeleke mpaka Kaikor na Kainuk, huko hakuna mtu anauza hii makaa. Tulitaka tukuombe utufundishe."

"Mbona hukuniambia haya?" Namuria aliuliza.

"Huyu boss alitukataza kuigusa. Ningesema, angetufukuza wote."

"Mngenieleza hiyo mipango," Lokiru alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mwenyewe niliomba mawazo."

"Uliita mafundi peke yao. Sisi ulituambia tufagie nje."

Hilaire aliketi juu ya gunia, akaficha uso. Lokiru aliulizwa kama ataondoa mashtaka. Akatikisa kichwa kukataa, akatoka kupiga simu.

Namuria alimfungulia Atabo pingu, akamfunga fundi. Alipokuwa akimpeleka kwenye gari, akina mama walikuwa wamefika na kukaa kuzunguka rundo la unga wa makaa. Hawakufinyanga. Hakuna aliyekuwa amewaambia kama bado wana kazi.